Kitivo cha Sheria cha Mlimani: Jina Lilitoka Wapi?

Oktoba 2022 namba mbili zilizunguka kwenye simu za Watanzania kutwa kucha: 633 na 26. Wahitimu 633 wa sheria walikuwa wamefanya mitihani ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo wengi huiita kwa Kiingereza tu, Law School. Waliofaulu masomo yote kwa mkupuo mmoja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Wazazi walilia na wahitimu wakapaza sauti. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, waziri wa zamani ambaye kabla ya siasa alikuwa mhadhiri wa sheria Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Katika mabishano ya wiki zile nilisoma mara nyingi sentensi ya namna hii: "Shule ya sheria iliyotoa majaji wakuu wa Afrika Mashariki leo haiwezi hata kufaulisha watu thelathini." Inauma, ila imechanganya shule mbili. Taasisi iliyotoa matokeo yale haijawahi kumtoa jaji mkuu hata mmoja, maana ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2008 tu. Iliyotoa majaji wakuu iko jirani yake, juu ya kilima, na imezaliwa 1961. Mtu akishindwa kuzitenganisha hizi mbili hawezi kuelewa jina la Mlimani lilitoka wapi, wala kuuliza swali la maana kuhusu lilikobaki.

Tuanze na tofauti yenyewe, kwa ufupi. Chuo kikuu kinatoa shahada ya sheria. Shahada hiyo inakufanya mwanasheria, lakini haikupi ruhusa ya kusimama mahakamani kama wakili. Zamani mhitimu alipelekwa kujifunza kazi katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria kabla ya kuapishwa. Sheria ya mwaka 2007 ikaunda taasisi maalumu ya kufanya kazi hiyo kwa wahitimu wa vyuo vyote. Kenya ilikuwa na shule yake ya namna hiyo tangu 1963, na Uganda ilianzisha kituo chake mwaka 1970. Kwa hiyo wale 633 hawakuwa wanafunzi wa Mlimani. Walikuwa wahitimu wa vyuo vingi, Mlimani kikiwa kimojawapo.

Sasa twende kilimani, lakini kwa kupitia mahakamani.

Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali ya kikoloni katika jarida la chama chake. Alitiwa hatiani na kutozwa faini ya shilingi 3,000. Mtu anayesoma kisa hiki leo hukumbuka faini. Mimi hukumbuka wakili. Upande wa utetezi uliongozwa na D.N. Pritt, mwanasheria maarufu kutoka London, yuleyule aliyemtetea Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Chama kilichokuwa kinadai nchi kilihitaji mtu wa kutoka ng'ambo ili kiongozi wake atetewe, kwa sababu mawakili Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Haikutokea hivyo kwa bahati mbaya. Makerere ilikuwepo tangu 1922 na ilifundisha udaktari, lakini katika miongo yote ya utawala wa Mwingereza hapakuwa na mahali popote Afrika Mashariki ambapo kijana angeweza kusomea shahada ya sheria. Watawala walikuwa wameona yaliyotokea India na Afrika Magharibi: daktari hutibu, mhandisi hujenga daraja, lakini mwanasheria huuliza kwa mamlaka gani. Aliyetaka sheria ilimbidi asafiri hadi London, ajiunge na vyama vya mawakili vinavyoitwa Inns of Court, ajifunze taratibu za mahakama za Uingereza, kisha arudi na wigi. Mwaka 1961 kamati iliyoongozwa na jaji wa Uingereza, Lord Denning, ilitoa ripoti kuhusu elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na ikakubali kwamba njia hiyo haimwandai mtu kwa kazi inayomngoja nyumbani.

Basi mgawanyo ukawa hivi: Makerere ina udaktari, Nairobi ina uhandisi, Dar es Salaam ipewe sheria. Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria. Wanafunzi hawakufika hata 15. Darasa lenyewe lilikuwa ndani ya jengo la TANU, chama cha Nyerere, mtaa unaoitwa leo Lumumba, kwa kuwa chuo hakikuwa na jengo. Kilima cha Ubungo kilihamiwa mwaka 1964. Nadhani si nchi nyingi duniani ambazo chuo kikuu chao cha kwanza kilianza na sheria peke yake, tena chini ya paa la chama cha ukombozi. Mwaka 1963 chuo kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kwa miaka kadhaa kitivo kile kilikuwa cha Wakenya na Waganda kama kilivyokuwa cha Watanganyika. Jambo hilo nitalirudia, maana ndilo lililobeba jina lake kuvuka mipaka.

Mkuu wa kwanza wa kitivo alikuwa A.B. Weston. Pamoja naye walikuwepo vijana wawili, Patrick McAuslan na William Twining. Huyu wa pili alikuwa mtoto wa Sir Edward Twining, gavana aliyeitawala Tanganyika kuanzia 1949 hadi 1958 na aliyepambana na TANU kwa kila njia. Mtoto wa gavana akawa anafundisha sheria katika jengo la TANU. Nimelitaja hili kwa sababu litatusaidia kuelewa somo la ardhi, na somo la ardhi ndilo dirisha bora la kuchungulia kilichofanywa na kitivo hiki.

Sheria ya ardhi ya Kiingereza, kama ilivyofundishwa kokote penye bendera ya Mwingereza, ilianza na wafalme wa Uingereza na mashamba ya makabaila wao. Mwanafunzi aliikariri, akafaulu, akarudi kwao asiweze kumweleza bibi yake shamba lake ni la nani. Dar es Salaam mjadala ulikuwa tofauti tangu mwanzo. Walimu wale walijiuliza: tukimfundisha kijana wa Bukoba au wa Kisumu hukumu za London bila kumwambia zilitokana na maisha gani, tumemfundisha nini? Twining baadaye alijenga jina lake duniani kwa hoja kwamba sheria isomwe pamoja na mazingira yake, na mbegu ya hoja hiyo ilimea katika miaka yake ya Khartoum na Dar es Salaam.

Sasa weka hoja hiyo kwenye ardhi. Mwaka 1895 amri ya Kaisari wa Ujerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Mwingereza akaja, na mwaka 1923 akatunga sheria yake: ardhi yote ya Tanganyika ni ya umma, na iko chini ya udhibiti wa Gavana. Mkulima aliyelima kwa mila alikuwa anatumia tu, na hakuwa na hati ya kumwonesha yeyote. Uhuru ulipokuja sheria ile haikufutwa. Palipoandikwa Gavana pakawekwa Rais.

Mwanafunzi aliyefundishwa kifungu kile peke yake alijibu mtihani: ardhi iko chini ya Rais. Mwanafunzi aliyefundishwa pamoja na historia alibaki na swali linalomkosesha usingizi: kama mamlaka yale yalikuwa ya unyang'anyi yalipokuwa mikononi mwa Gavana Twining, yamekuwaje halali kwa kubadilisha jina la ofisi? Hilo ndilo swali la kitivo cha Mlimani. Mengine yote yaliyosemwa juu yake, ya kuusifu na ya kuulaumu mtindo wake, yanatokana na swali la namna hiyo.

Msomaji asidhani kwamba wanafunzi wa mwanzo walikuwa wanamapinduzi. La hasha. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika kipindi cha utumishi huo. Bango moja lilidai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza karibu 400, zaidi ya nusu ya Watanzania waliokuwa chuoni. Papo hapo akatangaza kukata asilimia 20 ya mshahara wake mwenyewe. Miezi mitatu na ushei baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi ukafanyika mkutano mkubwa wa kujadili chuo kina kazi gani katika nchi inayotaka ujamaa.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi ambayo wahadhiri wa leo wakisimulia hubadilika sauti. Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa anafundisha historia. Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa na mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi. Mwaka 1968 kitivo kilianzisha jarida lake la sheria la Afrika Mashariki, na katika miaka hiyohiyo kikaanzisha kamati ya msaada wa kisheria, ambapo walimu na wanafunzi waliwahudumia watu wasioweza kulipa wakili. Mwaka 1970 kijana aliyetoka kuhitimu, Issa Shivji, alianza kufundisha palepale, na hakuondoka hadi 2006. Darasa la sheria likawa linasoma uchumi wa kisiasa. Sheria ya kazi ikafundishwa pamoja na historia ya manamba wa mashamba ya mkonge, na sheria ya makampuni pamoja na hesabu za nani anamiliki nini.

Je, ilikuwa heri tupu? Hapana, na nadhani wanaokipenda kitivo hiki wanakikosea wanapoficha upande wa pili. Yash Ghai, Mkenya aliyejiunga na kitivo mwaka 1963 na kufikia kuwa mkuu wake, aliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alipotakiwa kuchangia kitabu cha tathmini kilichohaririwa na Shivji na kutoka mwaka 1986, Ghai aliandika kwa uwazi wa mtu aliyeumia: siasa kali zilipotawala, nafasi ya kubishana ilisinyaa, na walioshika msimamo mmoja wakawa hawawavumilii wengine. Wengine walilalamika kwamba wahitimu walijua kuchambua tabaka lakini wakahangaika kuandika hati ya madai. Naamini malalamiko haya yalikuwa na haki yake. Wakili asiyejua kuandaa hati ya madai anamwangusha mteja, hata kama anafahamu vizuri kabisa historia ya unyonge wa mteja huyo. Ila naamini pia kwamba kasoro hiyo hurekebishika kazini ndani ya miaka miwili, ilhali mtu aliyefundishwa kutouliza huwa hajifunzi kuuliza akiwa na miaka hamsini.

Kuna jambo moja kuhusu sifa za shule za sheria ambalo watu hulisahau, nami nalishikilia kwa nguvu: sifa hizo huchelewa. Hospitali ikiharibika utajua mwaka huohuo. Shule ya sheria ikiwa nzuri au mbovu, nchi hujua baada ya miongo mitatu, pale wanafunzi wake wanapoketi kwenye viti vya maamuzi. Benjamin Odoki alipata shahada yake Dar es Salaam mwaka 1969 na akawa Jaji Mkuu wa Uganda 2001. Augustino Ramadhani alihitimu 1970, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania 2007. Willy Mutunga alihitimu 1971, akawa Jaji Mkuu wa Kenya 2011. Kutoka darasani hadi kitini: miaka 32, miaka 37, miaka 40. Tunaposema leo kwamba Mlimani ni shule kubwa, tunausifu ubora wa darasa la Ghai na McAuslan na Shivji kijana. Darasa la mwaka huu hatuwezi kulipima bado.

Na kama unataka ushahidi kuliko vyeo, tazama katiba. Uganda ilipotaka katiba mpya baada ya vita, tume iliyozunguka nchi kuanzia 1989 hadi 1993 iliongozwa na Odoki, na kazi yake ikazaa Katiba ya 1995. Kenya ilipoanza safari yake ndefu mwaka 2000, mwenyekiti wa tume akawa Yash Ghai, ambaye aliiongoza hadi 2004. Katiba ilipopatikana hatimaye mwaka 2010, Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini yake alikuwa Mutunga, aliyekuwa mwanafunzi Dar es Salaam wakati Ghai anafundisha pale, na aliyewekwa kizuizini bila kesi na serikali ya Moi mwaka 1982. Tanzania ilipofuata, tume ya 2012 ilipewa Joseph Warioba, mhitimu wa Dar es Salaam wa 1966 na Waziri Mkuu wa zamani. Nchi tatu, tume tatu, na kila mwenyekiti alipita katika kitivo kimoja kidogo, ama kama mwanafunzi ama kama mwalimu. Matokeo hayakufanana. Uganda iliondoa baadaye baadhi ya mihimili ya katiba ile, kikiwemo kikomo cha vipindi vya urais. Rasimu ya Warioba, yenye muundo wa serikali tatu, iliishia Bunge Maalumu la 2014 ikabadilishwa sana, na kura ya maoni haijapigwa hadi leo. Lakini namna tume zile zilivyofanya kazi, kukusanya maoni kijiji kwa kijiji na kuuliza mamlaka yanatoka wapi, ina alama za darasa lile.

Upande wa pili upo hapa pia. Wahitimu haohao ndio waliojaza ofisi za serikali katika miaka ya chama kimoja, wakaandika sheria za kuhamisha watu vijijini na kuzitetea mahakamani. Tanzania iliishi bila hati ya haki za binadamu ndani ya katiba yake hadi mabadiliko ya 1984, na kizuizini kiliendelea kujaa watu chini ya sheria ya 1962. Shule yenye mawazo makali haikutoa majaji wakali kwa wingi uliotarajiwa. Miongoni mwa waliopanda mapema alikuwemo Julie Manning, mmoja wa wanawake wa mwanzo kabisa kusomea sheria pale, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu na kisha Waziri wa Sheria. Hata hivyo, kuwa ndani ya dola kulikuwa na bei yake kwa kizazi kizima.

Turudi kwenye ardhi, kwa sababu swali lile la darasani lilikuja kuulizwa kitaifa na watu walewale.

Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu. Mashamba ya watu yalipewa wengine, na miaka ya 1980 ilipofika wenyewe walianza kwenda mahakamani kudai walichoporwa. Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi na kumpa uenyekiti Profesa Shivji. Tume ilifanya zaidi ya mikutano 200 ya hadhara mijini na vijijini, na ikakabidhi ripoti Novemba 1992. Pendekezo lake kuu lilikuwa jibu la moja kwa moja kwa swali la 1923: mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondolewe mikononi mwa Rais. Ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa kijiji wakiwa wamekaa pamoja, na ardhi nyingine iwe chini ya chombo kinachowajibika kwa Bunge.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imepitisha sheria ya 1992 iliyofuta haki za kimila za ardhi katika vijiji vilivyoanzishwa na operesheni, na kuzima kesi zilizokuwa mahakamani. Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa Arusha waliokuwa wameshinda kesi ya kurudishiwa shamba lao, waliipinga. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba huwezi kumnyang'anya mtu bila fidia ya haki. Nyalali mwenyewe hakuwa zao la kitivo cha Mlimani, alisomea sheria London. Nalisema hili ili tusianze kuamini kwamba kila jema katika sheria ya Tanzania lilishuka kutoka kilimani.

Serikali haikukubali pendekezo la tume. Sera ya Ardhi ya 1995 ilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Ulipofika wakati wa kuandika muswada, mtaalamu aliyeitwa kutoka Uingereza alikuwa Patrick McAuslan. Yuleyule wa 1961. Mmoja wa waanzilishi wa kitivo akarudi kuandika sheria, na Shivji, aliyetumia maisha yake ya kazi kitivoni, akawa mkosoaji wake mkali. Shivji alisema muswada ule umeacha mzizi wa ukoloni mahali pake: Rais bado anaweza kuihamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, na urasimu wa ardhi umebaki kuwa wa kutoka juu. McAuslan alijibu kwamba haki ya kimila sasa inapata hadhi sawa na hati ya serikali, kwamba wanawake wanalindwa kwa maneno ya wazi, na kwamba mkulima anahitaji sheria inayotekelezeka kuliko kanuni nzuri isiyo na ofisi. Sheria mbili, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilipitishwa 1999 na kuanza kutumika Mei 2001.

Binafsi nikisoma hoja zao naona Shivji alikuwa sahihi kuhusu mamlaka. Migogoro ya vijiji na wawekezaji ya miaka iliyofuata inazunguka palepale alipoonesha kidole. Lakini McAuslan alikuwa sahihi kuhusu mjane. Mjane wa kijijini anayetishwa na shemeji leo anaweza kutaja kifungu, na kifungu hicho kinamsaidia mbele ya baraza. Kilichonifundisha zaidi ni kwamba watu hawa wawili walibishana hadharani, kwa maandishi, kwa miaka, kuhusu sheria inayogusa kila mkulima wa nchi, na wote wawili walitoka katika chumba kimoja cha darasa. Ukiniuliza kitivo cha sheria chenye hadhi kina sura gani, nitakuonesha ubishi huo kabla sijakuonesha orodha ya majaji wakuu.

Mazingira yalikuwa yameshabadilika tangu zamani. Chuo cha Afrika Mashariki kilivunjika, na Julai 1, 1970 Dar es Salaam ikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Makerere na Nairobi zilikuwa na sheria zao. Mchanganyiko wa vijana wa nchi tatu ukapungua. Kwa takriban robo karne zaidi Mlimani kiliendelea kuwa mahali pekee Tanzania pa kusomea shahada ya sheria, hadi vyuo vingine vilipoanza kufungua milango katika miaka ya 1990. Siku hizi vitivo vya sheria viko kila kona ya nchi. Cha Mlimani kimepandishwa na kuitwa Shule Kuu ya Sheria, na waliosomea au kufundisha hapo bado wanaonekana katika nafasi za juu: Ibrahim Juma aliyekuwa Jaji Mkuu, Palamagamba Kabudi aliyekuwa mkuu wa kitivo kabla ya uwaziri, Tulia Ackson aliyekuwa Spika, Chris Maina Peter aliyeketi katika Kamisheni ya Sheria ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa.

Hapo ndipo matokeo ya 2022 yanapopata uzito wake. Hayakuwa hukumu juu ya Mlimani peke yake, lakini Mlimani hakiwezi kuyakwepa. Sehemu kubwa ya wahadhiri wa vyuo vipya walisomea pale, na mitaala ya vyuo vipya iliigwa pale. Darasa lililokuwa na watu wasiofika 15, ambapo mwalimu alijua udhaifu wa kila mmoja, limekuwa ukumbi wa mamia ambapo mwanafunzi anaweza kumaliza miaka yake bila mwalimu kusoma hata aya moja yake na kumwambia hapa umeteleza. Njia ya zamani ya kuuliza mamlaka yanatoka wapi inataka mwalimu mwenye muda, na mwanafunzi anayeruhusiwa kukosea kwa sauti. Mamia hawaruhusiwi kukosea kwa sauti, wanasubiri nukuu tu.

Na kuna lugha. Weston, yule mkuu wa kwanza, alishaandika katika miaka ya 1960 kuhusu ugumu wa kuiweka sheria katika Kiswahili, na kitivo kilifanya kazi ya kukusanya istilahi. Mahakama za mwanzo zilikuwa tayari zinatumia Kiswahili. Zile za juu zikabaki na Kiingereza, na kitivo kikabaki nazo. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria: Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kitumike pale tu haki itakapohitaji hivyo. Hakimu sasa anatakiwa kuandika hukumu kwa lugha anayoielewa mshtakiwa.

Mihadhara ya sheria kilimani bado inatolewa kwa Kiingereza. Ukipita kwenye vimbweta jioni utawakuta wanafunzi wameinamia kifungu kilekile cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kimechapwa kwa Kiingereza, na wanaelezana kwa Kiswahili maana yake: nani hasa mwenye ardhi, kijiji au Rais, na neno "mdhamini" linamfunga nani. Wakishakubaliana, anayeandika vizuri zaidi kati yao huanza kukirudisha kile walichokielewa kwenye Kiingereza, kwa ajili ya mtihani.